Mara Tano Waliandika Muguka

Ulimwona. Usijifanye hukumwona. Mwezi wa Agosti alikuwa ameketi kwenye ukuta mfupi nje ya kinu cha unga, sokoni Siakago, miguu imevimba mpaka kamba za viatu vya plastiki zimemwachia alama, mkono mmoja ameushika kifuani. Ulipita. Ukamwambia mwenzako, "Hao ni wale wa muguka, wanatafuna mpaka wanazimika." Mkacheka, mkaenda kununua nyanya.

Basi huyo mama ana jina. Anaitwa Felicitas Ciakuthii, ana miaka arobaini na sita, na tangu azaliwe hajawahi kutia mdomoni jani la muguka, lile linalotafunwa kama miraa ili mtu achangamke. Kilichomkalisha kwenye ukuta ule ni virusi vilivyoingia kwenye msuli wa moyo wake wakati kinga ya mwili wake ilikuwa chini kabisa. Leo yuko hai. Anafanya kazi, anacheka, na yeye na wenzake wanakaribia kushinda vita ambavyo wewe hukujua vinapiganwa. Kaa hapo usome.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, shamba la Kithaka, kilomita tatu kutoka Siakago. Umande bado uko kwenye majani. Wanawake kumi na watatu wamefunga magunia kiunoni, kila mmoja kwenye mstari wake, vidole vinakwenda kasi kuliko macho. Felicitas hayuko mstarini. Ameketi juu ya mtungi uliopinduliwa, mbele yake gunia lililoloweshwa maji, anachambua: vichipukizi laini upande huu, majani magumu upande ule. Muguka ukinyauka hauna bei, na pikapu ya mnunuzi inaondoka saa nne kamili. Haingoji mtu.

"Mama Nyaga, usiinuke!" anapiga kelele Karambu, mwanamke mrefu aliyeolewa huku kutoka Meru, akiwa katikati ya vichaka. "Ukiinuka nakushtaki kwa daktari."

"Nishtaki. Naenda haja."

"Hata hiyo uombe ruhusa!"

Mistari yote inacheka. Felicitas anainuka taratibu, anasimama kidogo, anavuta pumzi, anatembea. Miezi mitatu iliyopita hatua hizo ishirini zingemlaza chini. Anajua hilo, na wenzake wanajua. Ndiyo maana wanamtazama kwa pembe ya jicho mpaka arudi kuketi.

Ili uelewe jinsi alivyofika hapo, ni lazima uelewe mstari.

Katika mashamba mengi ya upande huu, mchumaji anapewa mstari wake wa vichaka. Anaujua kama anavyojua jiko lake: kichaka gani kinatoa mapema, kipi kina siafu. Mnunuzi analipa kwa kilo. Felicitas akiwa na nguvu zake alikuwa anachuma kilo tisa kwa siku, shilingi arobaini kwa kilo. Lakini mstari una sharti lake. Ukikosa siku ya kuchuma mara mbili, mstari unapewa mwingine, na hakuna wa kumlilia.

Kwa Kithaka, siku kubwa ya kuchuma ni Jumanne.

Sasa sikia. Felicitas anaishi na virusi vya ukimwi tangu mwaka wa 2004. Kwa miaka kumi na minne alikunywa dawa zake bila kukosa, kliniki ilikuwa Ijumaa, na alikuwa mzima kuliko wengi wanaomsema. Mwaka jana kliniki ikahamishwa hadi Jumanne. Nani aliulizwa? Hakuna. Karatasi ilibandikwa mlangoni, basi. Wanawake wanaoishi kwa muguka wakaambiwa wachague: dawa au mstari.

"Nilijiambia nitaenda Jumanne ijayo," anasema Felicitas, vidole vyake havisimami. "Ikafika, mvua ilikuwa imenyesha, muguka umejaa. Nikasema ijayo. Mtoto wangu Nyaga yuko chuo cha ufundi Embu, anataka karo. Ijayo, ijayo. Miezi minne ikapita. Kosa ni langu, silikatai. Lakini kosa langu lilikuwa na mwenzake."

Julai, ule wakati wa baridi, mafua yaliingia shambani. Wachumaji wote walikohoa. Karambu alikohoa wiki moja akapona. Felicitas naye alikohoa, homa ikashuka, akadhani imeisha. Kumbe imeshuka kifuani tu.

"Kwanza ni moyo kupiga. Unapiga kama mtu anakimbizwa, na mimi nimekaa. Halafu kulala chali nikawa siwezi, nakosa pumzi, nalala nimeegemea ukuta. Halafu miguu."

Alikwenda kwenye kituo cha afya. Alikwenda tena. Alikwenda mara tano katika wiki saba, kwenye vituo viwili tofauti, na kitabu chake cha matibabu bado kipo, kimefungwa ndani ya karatasi ya nailoni. Kimejaa miandiko mitano. Mara ya kwanza: moyo unaenda mbio, anatafuna muguka, aache. Mara ya pili: anatafuna muguka. Mara ya tatu wameandika neno moja tu, muguka, wakampa dawa za maumivu. Ya nne na ya tano, neno lilelile.

"Waliniuliza, mama unafanya kazi gani? Nikasema nachuma muguka. Ikaisha hapo. Nesi hakuinua macho tena. Nikamwambia, mimi sitafuni. Akasema, wote mnasema hivyo."

Wote mnasema hivyo! Yaani mtu anachuma jani ili wengine walitafune Mombasa na Nairobi, halafu jani lenyewe linamtolea ushahidi hospitalini.

Tuseme ukweli wote, tusiogope. Muguka unaharakisha moyo. Unapandisha presha, unanyima mtu usingizi, na kuna mioyo iliyoharibika kwa sababu yake. Hakuna anayekataa. Na kwa sababu ni kweli, imekuwa rahisi kuwamwagia watu wote lawama hiyo. Katika Mbeere nzima, eneo hili la Siakago, moyo ukigonga vibaya jibu limeshaandikwa kabla mgonjwa hajaketi.

Na hili halikuanza jana. Mume wa Felicitas, Salesio Mbaka, alikuwa katekista. Mtu wa rozari, mtu wa chai ya maziwa, hakuvuta, hakunywa, hakutafuna. Alikufa mwaka wa 2004, amevimba miguu na tumbo, akitafuta hewa dirishani. Aliugua wakati dawa za virusi zilikuwa zinasikika redioni tu; zilifika huku ameshazikwa. Kwenye mazishi watu walinong'ona kando ya kaburi kwamba kumbe katekista alikuwa anatafuna kwa siri.

"Sitasema ulikuwa moyo," anasema Felicitas, na kwa mara ya kwanza vidole vinasimama. "Hakuna aliyempima. Hilo ndilo linaniuma. Ningejua tu. Walimpa jina la jani wakamfunika."

Ni wangapi walifunikwa hivyo miaka ile? Ukikaa na wazee wa Siakago watakuhesabia: fulani mwalimu, fulani dereva, fulani mama wa kanisa. Wote "muguka". Sio wote ulikuwa moyo, na sio wote walisingiziwa. Lakini hakuna aliyeangalia.

Aliyeangalia mwishowe alikuwa Mukiri.

Mukiri ni tabibu wa miaka thelathini na moja, aliyeletwa kituoni kushika nafasi ya mwenzake aliyekuwa likizo. Ni mtu wa Igembe, kule Meru kunakotoka miraa. Baba yake anatafuna, babu yake alitafuna, mjomba wake anatafuna mpaka kanisani. Siku Felicitas alipoingia mara ya sita, Mukiri alisoma kitabu kile, kurasa zote. Halafu akasema, "Mama, fungua mdomo."

"Nikadhani anataka kung'oa jino," anasema Felicitas.

"Fungua vizuri. Toa ulimi. Inua."

Akaangalia meno, akaangalia ufizi, akaangalia ndani ya shavu kwa tochi ya simu.

Mukiri anasimulia mwenyewe: "Mimi nimekulia ndani ya miraa. Mtu anayetafuna namjua nikiwa bado sijamsalimu. Shavu linasema, ufizi unasema, meno yanasema. Mdomo wa huyu mama ulikuwa safi kama wa mtoto. Nikajiuliza, kama si muguka, ni nini basi? Hilo swali lilikuwa halijaulizwa wiki saba."

Alibonyeza mguu kwa kidole gumba, na shimo likabaki pale. Alisikiliza mapafu, akasikia maji. Aliuliza juu ya dawa za virusi, na Felicitas akamwambia ukweli. Aliuliza juu ya mafua. Siku hiyohiyo alimpeleka Embu mjini, kwenye hospitali ya kulipia yenye mashine ya picha ya moyo.

Picha ile ilikuwa shilingi elfu sita na mia tano. Piga hesabu: ni karibu siku kumi na nane za kuchuma, usile, usilipe nauli. Wachumaji walichanga. Daktari wa moyo aliangalia, akasema msuli wa moyo umevimba na umelegea. Moyo mzima husukuma nje zaidi ya nusu ya damu iliyo ndani yake kila unapopiga. Wa Felicitas ulikuwa unasukuma robo tu.

"Virusi vya mafua, wewe unapiga chafya wiki moja unasahau," anaeleza Mukiri. "Kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka, vinaweza kufika kwenye moyo na kuuvimbisha. Ni kirusi gani hasa, picha haisemi. Virusi vya ukimwi vyenyewe, visipodhibitiwa, vinaweza pia kuudhuru. Lakini ukiwahi, ukapata dawa, ukapumzika, moyo unaweza kurudi. Hilo watu hawalijui! Unaweza kurudi!"

Akapewa dawa za kutoa maji, dawa za kuusaidia moyo, na akarudishwa kwenye dawa zake za virusi. Na akapewa amri moja ngumu kuliko vidonge vyote: miezi mitatu usichume, usibebe, usipande mlima. Pumzika.

Pumzika! Mwambie hivyo mtu mwenye mstari.

Jumanne ya kwanza mstari wa Felicitas ulisimama mtupu. Jumanne ya pili Kithaka mwenyewe alikuja shambani, mikono nyuma, na mwanamke mgeni anamfuata.

"Huu mstari una mtu," Karambu akamwambia.

"Yuko wapi?"

"Yuko kwake, anaponya moyo."

"Mimi sina shamba la mioyo, Karambu. Nina shamba la muguka."

"Basi leo utapata muguka. Ngoja saa nne."

Ilipofika saa nne, kwenye mizani kulikuwa na gunia la ziada. Wanawake kumi na watatu walikuwa wamechuma mistari yao, halafu kila mmoja akaingia kwenye mstari wa Felicitas akachuma kiganja hapa, kiganja pale. Kilo nane na nusu. Karambu akasimama mbele ya mizani.

"Andika: Mama Nyaga."

Kithaka akatazama gunia. Akawatazama wale kumi na watatu. "Nyinyi wanawake mtaniua," akasema, akaandika.

Wamefanya hivyo kila siku ya kuchuma kwa miezi mitatu! Hakuna kitu kama hicho kilichowahi kuonekana katika mashamba haya, ambako mtu akikosa mara mbili amefutwa. Katika mwezi wa pili wa kupumzika, Kithaka mwenyewe alimtumia neno arudi akachambue akiwa ameketi. Sharti la mstari limevunjwa na watu wasio na chama, wasio na ofisi, wasio na hata kiti cha kukalia isipokuwa mtungi.

Na moyo? Miguu imerudi kuwa miguu. Analala chali. Jumapili iliyopita alipanda kwenda kanisani akapumzika mara moja tu. Kipimo cha mwezi huu kinasema virusi vimelala tena, havionekani kwenye damu, na Mukiri sasa anampa dawa za miezi mitatu kwa mara moja ili Jumanne isimpige tena.

Lakini hakuna anayejua moyo wenyewe umefika wapi. Daktari alisema wazi: bila picha ya pili hawezi kumruhusu kurudi mstarini, wala kujua dawa ziongezwe au zipunguzwe. Moyo unaweza kuwa umepona. Unaweza kuwa bado umelegea, unamdanganya, na akibeba gunia moja uzime. Picha ndiyo itakayosema. Na wachumaji hawana elfu sita nyingine.

Hapa ndipo utakapokasirika, kama bado una damu.

Hospitali ya Mukarara, nusu saa kutoka shambani, ina mashine ya picha ya moyo. Ipo! Imo ndani ya chumba kilichofungwa kwa kufuli, imefunikwa shuka, mwaka mmoja na miezi miwili sasa, tangu mtaalamu wake ahamishwe. Wachumaji walipopata habari, sita wao waliingia ofisini kwa msimamizi na magunia yao kiunoni.

"Nyinyi ndio wa muguka?" msimamizi akauliza.

"Ndio sisi."

"Basi mioyo yenu tunaijua."

"Mzee," Karambu akamwambia, "mume wangu tumekaa miaka kumi na tisa na moyo wangu hajaujua. Wewe umeujulia wapi?"

Foleni ya nje ilicheka mpaka mlinzi akaja. Na wale sita hawakutoka. Walikaa sakafuni, wakafungua uji wao, wakanywa. Kufikia saa nane msimamizi alikuwa ametoa neno, na akaliandika kwa mkono wake: hapa hakuna wagonjwa wa moyo wa kutosha kumleta mtaalamu. Mkileta majina ishirini, kila moja na barua ya tabibu, kabla ya Alhamisi ya mwisho wa mwezi, mtaalamu atakuja kila wiki. Yasipofika ishirini, mashine inahamishwa kwenda hospitali nyingine.

Wakatoka wakiimba. Jina la kwanza kwenye orodha ni la Felicitas.

Tangu siku hiyo, kila Jumapili baada ya ibada, Mukiri anaketi kwenye baraza ya kanisa na kifaa chake cha kusikilizia, bila malipo, na watu wanakuja. Wanakuja! Mzee anayetumia dawa za baridi yabisi zinazoshusha kinga, ambaye tangu Pasaka hawezi kufunga kamba za viatu bila kuhema. Kijana anayeishi na virusi, aliyeambiwa ni muguka, na kweli anatafuna, lakini mguu umeacha shimo.

Na akaja Rahema, kutoka Majimbo, Embu. Rahema anauza chapati na maharagwe. Mwaka jana alitibiwa saratani ya titi, zile dawa zikaiangusha kinga yake chini, akapata mafua, halafu moyo ukaanza mbio. Alisikia habari za orodha kwa mteja. Akafunga safari na chapati ishirini ndani ya ndoo, akamtafuta Felicitas mpaka shambani.

"Ndiwe Mama Nyaga wa moyo?"

"Ndimi. Karibu mama, kaa kwenye gunia."

"Mimi Majimbo waliniambia ni mawazo. Eti nimwogope Mungu niache mawazo."

"Una bahati," Felicitas akamjibu. "Wewe walikupa mawazo. Mimi walinipa muguka."

Walicheka mpaka Rahema akashika kifua na Karambu akaja mbio kuwanyamazisha. Rahema ni jina la tisa.

Leo, Jumatatu, orodha ina majina kumi na matatu.

Kumi na matatu! Kutoka mahali ambapo, eti, hakukuwa na wagonjwa wa kutosha! Msimamizi alidhani anaomba kisichowezekana, na sasa zimebaki siku tatu na majina saba.

Felicitas anajua anachotaka. "Nataka wanipige picha. Ikisema ndiyo, Jumanne itakayofuata naingia mstarini kwa miguu yangu, na mimi ndiye nitakayewachumia hawa mpaka deni la viganja liishe. Ikisema bado, nitaketi, nitachambua, nitangoja. Lakini niambiwe. Na kwenye kitabu changu waandike moyo. Waandike vizuri, Nyaga asome."

Sasa ni wewe.

Ulipokuwa unasoma, kuna mtu alikujia akilini. Anaishi na virusi, au anatibiwa saratani, au anameza dawa zinazoshusha kinga. Alipata mafua na hajawa sawa tangu hapo. Anahema akipanda ngazi, analala ameketi, miguu inajaa jioni. Labda naye ameambiwa ni muguka, ni mawazo, ni uzee. Labda mtu huyo ni wewe.

Kama hali ni mbaya, asingoje Alhamisi, mpeleke hospitali leo, na akiulizwa anatafuna nini, simama hapo mpaka wamsikilize moyo. Kama anaweza kungoja, mlete Alhamisi hii, lango la Hospitali ya Mukarara, saa mbili asubuhi. Mukiri atakuwa hapo na barua. Wachumaji watakuwa hapo na orodha. Beba kitabu cha matibabu, hata kama kimeandikwa uongo. Hasa kama kimeandikwa uongo. Saa sita mchana orodha inafungwa, na lori la kuchukua mashine limeshaagizwa.

Majina saba. Weka gazeti chini, shika simu, mpigie sasa.